Mazishi ya Jua

Ijumaa moja ya Oktoba nilikubali kubaki Doha ili niongoze mazishi ya jua. Nilipaswa kukataa. Likizo yangu ilikuwa imeshapitishwa, niondoke katikati ya Desemba, na mke wangu alikuwa ameniambia wazi kwa nini ananitaka nyumbani mwezi huo. Nilikubali vilevile, na hakuna aliyenilazimisha.

Nieleze kwanza hayo mazishi. Nilikuwa msimamizi wa kikosi cha bustani. Tulipanda na kumwagilia maua kando ya barabara za West Bay, chini ya maghorofa ya vioo, na jioni basi la kampuni liliturudisha kambini kwetu, Industrial Area, chumba kimoja watu sita. Jua la huko mwezi wa Julai halielezeki kwa mtu anayeshinda ndani. Vioo vya maghorofa vinalipokea na kulirusha tena, kwa hiyo linakupiga mara mbili. Mpini wa jembe unachoma. Sheria ilikataza kazi ya nje mchana wa joto kali, kwa hiyo tulianza mapema mno, lakini saa mbili asubuhi lilikuwa limeshatukamata.

Kwetu Taita mchana ni ule ule mwaka mzima. Sikuwahi kujua kwamba kuna siku fupi kuliko zote mpaka nilipofika Doha, nikaona kwamba mwishoni mwa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nasikia watu wa nchi za baridi husherehekea siku hiyo kwa sababu jua litaanza kurudi. Sisi tulisherehekea kwa sababu limeshindwa. Na kwa kuwa Wakenya wakikutana watatu huunda kamati ya mazishi, tukaunda.

Tulifanyia uani, nyuma ya jiko. Viti vya plastiki, turubai, picha ya marehemu mbele: duara la karatasi ya njano lililozungushiwa utepe mweusi. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na sauti yangu ilifika mbali. Kazi yangu ilikuwa kusoma wasifu.

"Marehemu alizaliwa mashariki," nilisoma, "na tangu utotoni alikuwa mkali. Alikuwa mfanyakazi hodari. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuumwa, hakuwahi kuomba likizo, na ndiyo maana wakubwa walimpenda kuliko sisi. Ameacha mjane mmoja, mwezi, ambaye hajamwunguza mtu yeyote."

Hapo lazima mmoja aangue kilio. "Uuuwi! Nani atatubabua sasa!" Mwingine anamshika kiuno asijitupe kaburini. Wanepali wa chumba cha pili walikuja na ngoma zao, ingawa mwaka wa kwanza walidhani kweli tumefiwa na wakatupa pole.

Nilikuwa na rafiki Mganda, mlinzi aliyekaa Al Rayyan, mtu wa swala tano, aliyeniita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda. Alikuja kila mwaka kwa sharti moja. "Msilitukane, ssebo. Ni kiumbe cha Mungu. Liageni tu." Kwa ajili yake nikaongeza mstari kwamba tunamsamehe marehemu yote. Jua likishazama alikwenda kuswali, na sisi tulimngoja ndipo tule pilau.

Sasa mke wangu. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia alisema ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza tu kucheleweshwa. Mwezi wa Septemba alinipigia simu.

"Baba Watoto, njoo Desemba."

"Zamu yangu ni Juni."

"Juni sijui kama nitakuona. Usianze kulia, sisemi nitakufa. Nasema kukuona. Una mvi?"

"Chache."

"Mwongo wewe. Nataka kuzihesabu mwenyewe."

Desemba ndiyo msimu wa kupanda maua, na mtu wa bustani hapewi likizo. Nilimwomba bosi karibu nipige magoti. Akanipa, akaniambia ni mara moja tu.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Wanakamati watano walikuja chumbani kwangu, na rafiki yangu Mganda akiwa nao. Mwaka huo kambi tatu zilikuwa zimeomba kuungana nasi, na meneja wa kambi alikuwa ametupa uwanja wa mpira.

"Mzee, wasifu atasoma nani?" mmoja wao akauliza.

"Someni nyinyi."

"Huyu?" Akamwonyesha mwenzake. "Huyu akisoma watu watadhani ni tangazo la usafi wa vyoo."

"Afadhali mimi kuliko wewe unayecheka kabla ya utani."

"Mzee, mwenyekiti haachi maiti mochari akaenda kwao kula Krismasi!"

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka, na katika kicheko kile nikasema, "Basi, nitabaki." Rafiki yangu peke yake hakucheka. Nilikuwa nimemwambia habari za macho. Nilipomsindikiza hadi getini alisema, "Ssebo, hawa watacheka na yeyote. Nenda kwako." Nilimjibu kwamba miezi sita si kitu.

Nimekuwa na muda mrefu wa kujiuliza kwa nini. Nyumbani nilikuwa mgeni wa kila miaka miwili. Nilikuwa nauliza vijiko vinawekwa wapi. Kambini niliposimama watu walinyamaza. Nilipenda kunyamaziwa. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Kesho yake nilirudisha likizo ofisini, bosi akafurahi, akaniandikia Juni. Mke wangu nilimwambia kazi imezuia. Akasema, "Haya. Kazi ni kazi."

Sherehe yenyewe ilifana, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na upepo baridi, watu wamevaa majaketi ya kampuni, moshi wa nyama ya mbuzi umetanda uwanja mzima. Wafilipino walileta gitaa. Nilisoma wasifu, watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kabla jua halijamaliza kuzama nilimpigia mke wangu simu ya video ili naye aone.

"Unaona?"

"Naona kitu cha njano. Ni nini?"

"Picha ya marehemu."

Alicheka. "Na wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye huyu, mbele yako."

"Sogea kwenye mwanga, Baba Watoto."

Nikageuka huku, nikageuka kule, nikainua simu. Mwanga ulikuwa unakwisha, na ndiyo sababu watu wote wale walikuwa wamekusanyika. Alisema, "Huku kwetu jua lingali juu. Nalisikia mgongoni." Saa zetu na za Doha ni moja, lakini kule Taita kulikuwa kumebaki zaidi ya saa nzima ya mchana. Nyuma yangu watu walianza kuita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!"

"Nenda," akasema, "wanakuita."

Nikaenda.

Juni nilifika Taita asubuhi yenye ukungu. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge kipya, na uso wake ulielekea pembeni kidogo ya pale nilipokuwa. Nikamwita. Akageuka kwenye sauti, akanyoosha mikono, akanipapasa mashavu, masikio, kichwa.

"Umekonda. Na mvi?"

"Nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

Nikainamisha kichwa chini ya vidole vyake. Aliniambia jicho la kulia lilizimika mwezi wa Machi, taratibu, siku hadi siku. Wiki ile ile nilikiri kwamba si kazi iliyonizuia. "Nilijua," akasema. "Nilisikia kelele zile. Watu waliozuiwa na kazi hawaitwi kwa shangwe hivyo." Hakugomba, na hajawahi kulitaja tena.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja sasa. Vijiko najua vilipo. Asubuhi namtengenezea chai, nakaa mbele yake, na mara nyingine nanyamaza makusudi nione kama macho yake yatanitafuta. Hayanitafuti. Masikio yake ndiyo yananitafuta. Tulipokuwa vijana alikuwa na namna ya kunitazama akiwa na hasira, jicho moja amelifinya, na namna nyingine nikiingia kutoka safarini. Hizo ndizo ninazozitamani, hata ile ya hasira.

Mke wangu alitaka kuniona mara moja zaidi wakati bado anaweza, nami nilikuwa na ruhusa mkononi. Nilichagua sherehe. Uso wangu anaoujua ni wa mtu anayeaga akielekea uwanja wa ndege, na huu wa uzeeni hajauona wala hatauona. Yeye yupo, mimi nipo, tunalala nyumba moja, na sitatazamwa naye tena mpaka nife.