Risasi ya Shaba Kwenye Posa ya Eriki

Dada yangu Verediana amenikataza nisilisimulie jambo hili, na amenikataza mara mbili, lakini aibu ukiifungia ndani inavunda, kwa hiyo acha niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana huko mtaani tayari wanasema nilikwenda kuposa na bunduki. Bunduki sikuwa nayo, jamani. Nilikuwa na kitu kidogo kama kidole cha mwisho cha mtoto, pamoja na mdomo mkubwa, na huo mdomo ndio ulionimaliza.

Mnanijua kama fundi wa friji hapa Gisenyi kwetu Rwanda, mpakani na Kongo, lakini kabla ya friji (nilizaliwa Karagwe, kama wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania) nilikaa miaka tisa Namibia, kwenye shamba la uwindaji la mzee mmoja aliyeitwa Hendriki. Huyo mzee hakupenda risasi za dukani. Alizijaza mwenyewe, mezani, kama mama anavyojaza sambusa: unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unaweka fataki mpya kitakoni, unapima baruti kwenye mizani ndogo, halafu unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni kwa mashine ya mkono. Akanifundisha, na mimi nikaipenda ile kazi kupita kiasi.

Sasa, wiki mbili kabla ya posa ya mpwa wangu Eriki tulikwenda Nyamyumba kumsalimia baba wa binti. Ni mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, kila mtu anamwita Afande, na maneno yake ni machache kama meno ya kuku. Tulikaa saa nzima akinywa chai na kumtazama Eriki kama mtu anayekagua gari la mitumba. Eriki alikuwa anatoka jasho. Ndipo dada yangu, ili kuvunja ukimya, akasema kaka yake huyu aliwahi kuishi na wawindaji, na Afande akanigeukia akauliza swali lake la kwanza la siku nzima.

“Mlitumia risasi gani?”

Ole wangu. Ni kama aliwasha moto kwenye nyasi kavu. Nikamwambia vichwa vya kawaida ndani vina yale madini laini yanayoitwa risasi, vikigonga mfupa vinasambaratika na vipande vinabaki kwenye nyama mnayokula, lakini kichwa cha shaba tupu kina tundu dogo puani, kikiingia kwa mnyama kinachanua kama ua na hakiachi hata chembe nyuma. Nikamwambia shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu na kinakula nafasi ya baruti, ndiyo maana fundi mwenye akili (hapo nilijigusa kifua) anachagua kilicho chepesi kidogo kiende mbio, kwa sababu kisipokwenda mbio hakichanui. Afande akaweka kikombe chini. Alikuwa anasikiliza! Na mimi kuona mkwe mtarajiwa anasikiliza, nikaongeza kwamba ninacho nyumbani kichwa kimoja nilichokikandamiza kwa mkono wangu, ambacho kilimwangusha tandala mkubwa, yule swala mwenye pembe za kujisokota.

“Uje nacho,” akasema. “Ningependa kukiona.”

Mngekuwa nyinyi mngesahau. Mimi siku ya posa asubuhi, nimevaa koti la kuazima, nimefunga tai, nimekariri hotuba (maana nilikuwa ndiye msemaji wa familia yetu), nikafungua droo ya soksi, nikakichukua kile kichwa cha shaba, nikakitia mfuko wa ndani. Kosa lenyewe ni hilo. Mengine yote yalikuja yenyewe.

Posa ilifanyika kwenye bustani ya hoteli moja kando ya ziwa, na mnajua hoteli zetu, getini lazima upitie mashine. Tulipanga mstari, shangazi na mishanana yao, zile nguo za sherehe za kufunga begani, vijana na vikapu vya zawadi vichwani, mimi mbele kama jogoo. Mlinzi alikuwa dada mmoja anaitwa Shantali, tunafahamiana, nimeshamtengenezea friji ya mama yake.

Nikapita. Mashine ikalia.

“Fundi, iko nini mu mufuko?”

“Funguo,” nikasema, nikatoa funguo. Nikapita tena, ikalia tena.

“Bon, kuko kitu ingine.”

Basi nikajiambia nisitaje neno baya, nitaje tu kilichotumika kukitengeneza, nikainama nikamnong’oneza, “Ni shaba tu, dada.”

“Shaba?” Macho yakamtoka. “Ya Kongo? Fundi, sasa we unavusha madini mu ndoa ya watu? Papye ya ruhusa iko wapi?”

Nyuma yangu mstari ukaanza kusukumana, shangazi mmoja akauliza madini gani, mwingine akasema nilijua tu zile friji haziwezi kumnunulia mtu koti kama lile, na mimi kwa kutetea jina langu nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya kelele za kompresa:

“Siyo madini! Ni risasi tu!”

Hapa mpakani neno hilo halirudiwi mara ya pili. Mtu akipiga kelele “risasi” hatuulizi ya wapi, ya nani, ni ya kawaida au ya shaba. Mstari mzima ulilala. Shangazi walilala na mishanana yao kwenye kokoto, vikapu vikabiringika, vijana wakaruka ua wa maua, na kule bustanini muziki ukakatika ghafla, kisha nikasikia viti mia vikianguka kwa pamoja, maana upande wa binti nao walikuwa wameshafika chini ya meza. Aliyebaki wima ni mimi peke yangu, na tai yangu.

Askari polisi wawili wakaja mbio. Mikono juu. Nikainua, na mmoja akakitoa kile kichwa mfukoni mwangu. Sasa mtu mwenye busara angenyamaza, lakini mimi nikaona nikieleza vizuri watanielewa.

“Ni kichwa tu, bosi wangu, hakina baruti. Baruti huwa tunajaza wenyewe.”

“Tunajaza? Wewe na nani?”

“Na Mzee Hendriki.”

“Huyo Hendriki yuko wapi sasa?”

“Amekufa.”

Wakatazamana. Yule mrefu akatoa daftari. “Umejaza ngapi?”

Jamani, kiburi ni ugonjwa. Nikasema, “Maelfu.”

Nikamsikia Verediana, bado amelala kifudifudi, akisema, “Anasi, kaka yangu, nakuomba funga huo mdomo.” Eriki alikuwa amekaa chini kando ya kikapu, amevaa vizuri vile, anatazama lango la bustani ambako mchumba wake alikuwa chini ya meza fulani, na uso wake sitausahau. Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu ambaye basi limemwacha. Hapo ndipo kiburi kiliponitoka mwilini, nikaelewa kwamba naweza kumvunjia kijana wa watu ndoa yake.

Afande akatoka. Alitembea polepole, suti ya kijivu, na wale polisi wakasimama wima walipomwona. Akauliza kuna nini, wakamwambia, akanyoosha mkono, wakampa kile kichwa cha shaba. Akavaa miwani. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kusogea, kwa sababu hatari ikiisha udadisi hauna mwenyewe.

“Hiki ndicho kilichoua tandala?”

“Ndicho, Afande.”

“Uliniambia kikiingia kwenye nyama kinachanua.”

“Kinachanua kabisa.”

“Mbona hiki hakijachanua?”

Nikajifanya narekebisha tai.

“Ubavuni kina mikwaruzo ya mtutu,” akaendelea, akikigeuza juani, “kwa hiyo kiliingia kwenye mtutu. Puani kimebonyea kwa kugongwa na chuma. Hiki kilikwama njiani, mtu akakirudisha nyuma kwa ufito wa chuma. Kwa nini risasi ikwame ndani ya mtutu, Fundi?”

Watu wote walikuwa wananitazama, shangazi, polisi, Shantali na mashine yake.

“Nilisahau kutia baruti,” nikasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ile Namibia nilikuwa najaza huku napiga hadithi, ganda moja likapita tupu, na mgeni alipomlenga tandala akavuta, ilisikika tik, kama mtu anayevunja njugu. Tandala alitutazama, akarudi kula majani. Mzee Hendriki hakunigombeza, alinipa tu kile kichwa, akasema nikae nacho nikumbuke kosa langu, na mimi badala ya kulikumbuka nikaligeuza kuwa ushujaa.

Afande akavua miwani, akamrudishia polisi kile kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida, “Mwacheni aingie. Mtu huyu hana hatari kwa mnyama wala kwa binadamu.”

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Goma. Polisi walikichukua kile kichwa moja kwa moja, wakaandika jina langu, wakaniambia Jumatatu nifike kituoni kuandika maelezo (nilifika, nikaonywa vikali, na niliitika ndiyo kwa kila neno).

Tuliingia tumechelewa saa nzima na robo. Nikasimama na hotuba yangu, na kabla sijamaliza salamu msemaji wa upande wa binti, mzee mmoja mwenye ulimi kama wembe, akanikata: “Tumesikia wageni wetu wamekuja na risasi isiyo na baruti. Sasa tunauliza, huyu kijana wenu mmekumbuka kumtia?” Bibi mmoja alicheka mpaka akatolewa nje kupigwa upepo. Kila sentensi niliyosema walidai kwanza niape kwamba ina baruti. Nikaapa. Nikaomba radhi mara tatu, ya mwisho nikiwa nimeshika kofia ya mtu nisiyemjua, na nilipomtazama Afande niliona mabega yake yanatikisika. Kisha akainamisha kichwa kwa msemaji wake, na binti akaletwa. Eriki alilia. Nami nililia, ila mimi nilikuwa na sababu nyingi zaidi.

Basi, nimejifunza. Kitu nilichoharibu nakisimulia kama nilivyokiharibu, au nanyamaza. Siku hizi nikiwa kwenye kundi la watu na mtu akaniuliza nilikuwa nafanya nini Namibia, namjibu kwamba kule jua ni kali sana, na ninamuuliza yeye watoto wake hawajambo.