Nilivyomlilia Baba yake Ingrid

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams. Jumamosi nilimpelekea mapazia mteja wangu Ingrid, Mnorwe. Mlangoni viatu vimejaa. Ndani, Wanorwe wenzake wamekaa kimya na kahawa, mishumaa inawaka mchana, picha ya baba yake imezungukwa na maua. Eish! Kwetu Bukavu hayo ni matanga, na ukiingia bila kulia utasemwa. Nikapiga magoti mbele ya picha, nikalia kwa sauti. Mwishoni nililia kweli, maana baba yangu walimzika mimi nikiwa huku ugenini. Wanorwe wakaweka vikombe chini. Mkono ukanigusa bega. Nikainua macho: mzee wa kwenye picha, ameshika keki yake ya kutimiza miaka themanini.

"Pole, mama," akasema. "Umefiwa na nani?"