Mkono Unaokata Siga
Katika hoteli yetu hapa Masasi, hakuna anayekata siga ila yeye, mhudumu mkongwe wa ukumbini. Msimu wa korosho, wanunuzi wakishuka kutoka Newala huagiza siga, yale masigara manene yaliyozibwa ncha, naye huibinya kila moja kwa vidole viwili kabla ya kuamua aikate vipi: nene huitoboa tundu, nyembamba huikata sawa, iliyochongoka huipunguza ncha tu. Ukikata chini zaidi, jani lote hufumuka. Jana mnunuzi mmoja, aliyelingana umri na mwana wa mwisho wa mzee huyo, alimpokonya kisu.

“Ncha tu, bosi,” mzee akamwambia kwa upole.

“Kwani wewe umewahi kuvuta?”

“Bado, bosi.”

Kijana akakata anapotaka, siga ikamfumukia mkononi. “Umeniletea mbovu!” Mzee wa watu akaomba radhi, akaleta nyingine aliyokwisha kuikata. Ile iliyoharibika alikuja nayo jikoni, akailaza kiganjani, akalikunja jani lake polepole kwa kidole gumba mpaka likarudi mahali pake. Akainusa mara moja. Kisha akaitupa kwenye ndoo ya maganda, kwa sababu jioni, pale getini, sisi wafanyakazi hupekuliwa mifuko.