Njia ya Nyuma ya Parokia

Naitwa Ngoie, mama wa watoto watatu, nakaa mtaa wa Naviundu. Zamani kila asubuhi nilifunga karai la samaki wakavu kutoka Pweto nyuma ya baiskeli, nikafuata barabara kubwa hadi sokoni. Nilikuwa na nguvu, na sikuwaza kitu.

Siku moja ya mvua lori lilinipita karibu mno. Kioo chake kilinipiga begani, nikaangukia mtaroni. Nilipotazama, mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande usio wake. Sikulia. Nilihangaika tu kushusha kitenge changu, watu wasinione mapaja.

Hospitalini walitia vyuma. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda, nikanuka hata mwenyewe nikageuza uso. Mume wangu, Kabange, hakugeuza wake. Aliniosha kila siku kwa mikono yake. Daktari alisema mfupa utaunga, lakini nisipotembea kila siku goti litakauka.

Nitembee wapi na magongo? Barabarani kila lori lilinitetemesha. Njia ya mkato kando ya mto ilikuwa na utelezi. Mara mbili Kabange alinidaka. Mwishowe tukajaribu nyuma ya ukuta wa parokia. Ni mbali zaidi, lakini pakavu, tambarare, na magari hayafiki. Hapo ndipo nilipojifunza upya kutembea, hatua kumi, kesho yake kumi na mbili.

Mwaka huo mtaa wetu ulitaka kutengeneza njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, watoto wafike shule salama. Shefu wa mtaa, kiongozi wetu, alikuwa amechagua kando ya mto kwa kuwa ni karibu. Mkutanoni nilisimama kwa magongo yangu.

"Papa shefu, kuya tutembeye njia zote mbili pamoya. Kisha utachagula."

Alikubali. Kule mtoni alinishika mkono, nikadhani ananisaidia. Kumbe ni yeye aliyeteleza. Nyuma ya parokia alitembea akitazama miguu yangu.

"Mama, tutapitisha huku," alisema. "Hata kama iko mulefu."

Namshukuru Mungu, na wauguzi walionivumilia. Wewe uliyelala na mguu mzito, usione haya kwenda polepole, na usikubali kuharakishwa upite penye hatari.

Siku niliyopanda tena baiskeli, Kabange alitembea nyuma yangu kwenye njia ile mpya, mkono wake juu ya kiti, kama anayemfundisha mtoto. Ningeweza kwenda peke yangu. Sikumwambia aachie.