Siku Niliyoliliwa Nikiwa Nyuma ya Godoro

Mimi si mtu wa muziki. Kanisani naimba kwa sababu Mungu hajawahi kuniambia ninyamaze. Lakini nyumba yangu naijua, na nilikasirika mjukuu wangu aliponiambia kwamba nyumba hiyo ndiyo inayomharibia sauti.

Ni nyumba ya kambi ya zamani hapa Lubumbashi, marehemu mume wangu aliipata kwa kazi ya mgodi. Simenti chini, simenti ukutani, mabati juu. Baba mkwe alitoka Kasai akiwa kijana kuja kuchimba, na waliojenga kambi hawakufikiri kwamba siku moja msichana angesimama sebuleni na mikro, anajirekodi kwa kompyuta.

Huyo mjukuu alikuwa amemaliza shule, anakaa kwangu. Kwaya moja ya Mulungwishi ilitafuta msichana wa kuongoza nyimbo. Wanaotaka watume sauti kwa simu. Alituma. Mkuu wa kwaya akajibu kwamba sauti ni nzuri lakini inasikika kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Arudie mara moja tu, mwisho Jumamosi. Msichana akakataa bukari, ugali wetu, siku mbili. Kwangu hakuna anayekataa bukari kama si mgonjwa, kwa hiyo nikamwambia anionyeshe huo ugonjwa.

Akapiga kofi moja katikati ya sebule. Pa. Ukuta ukajibu: pa-ra-ra.

"Kaku, unasikia?" akasema, maana bibi kwetu ni kaku. "Sauti inatoka mdomoni, inafika kwa mikro. Halafu inaenda kupiga ukuta, inarudi, inafika tena. Mikro haina akili ya kuchagua."

Nikamwambia nimelea watoto saba, najua dawa ya anayejibu kila neno. Unamjaza kitu mdomoni.

Yeye alikuwa ameshaanza na trei za mayai. Mtu alimdanganya kwamba zinanyonya sauti. Alizibandika kwa uji wa unga ukuta mzima, na ukuta ukaendelea kujibu kama kawaida. Waliofaidika ni mende. Nikazibandua zote nikazichoma.

Chumba kisichojibu nilikuwa nacho: changu cha kulala. Kidogo, kimejaa kitanda, magodoro na masanduku ya vitenge, ukisema neno linafia hapohapo. Lakini nyuma ya ukuta wake kuna mashine ya kusaga mahindi, inalia toka asubuhi mpaka jioni. Basi nikasema, kama wewe huwezi kwenda chumbani, chumba kitakuja kwako.

Ijumaa mchana tukaanza. Viti vyangu vina miguu ya chuma, na kabati la vioo lilikuwa linatetemeka kila alipopandisha sauti. Vyote tukavitoa uani, na kioo cha kujitazamia pia. Tukaingiza magodoro yangu mawili. Hayakutosha.

Magodoro mazito barabarani kwetu anayo jirani yangu wa mbele, mama mmoja wa Maniema, Mwislamu, mume wake ni dereva wa lori. Tulikuwa hatusalimiani miezi mitatu. Kuku wake walimaliza matembele yangu yote, shina kwa shina, na yeye akasimama akaniambia machoni kwamba kuku wake hawali majani. Lakini shida haichagui mlango. Nikamtuma msichana akaombe magodoro mawili kwa jina langu, na nikamkataza kusema ni ya kazi gani, maana sikutaka watu waje kujaa dirishani kunifundisha. Akaenda na macho yake mekundu ya siku mbili bila kula. Akarudi na magodoro, akasema yule mama hakuuliza kitu, alijishika mdomo tu. Mimi nikafurahi kwamba angalau mara moja amejua kunyamaza.

Nikafungua masanduku. Vitenge vyangu vya maana, vingine havijakatwa toka harusi ya binti yangu wa kwanza. Nikavitundika kwenye kamba mbele ya madirisha na kuta, vimekunjwakunjwa. Msichana akasema visiguse ukuta, viachwe kama shibiri moja, kitambaa kikining'inia mbele ya ukuta kinameza zaidi. Magodoro tukayasimamisha nyuma yake pembeni, kwa sababu mikro inamtazama yeye usoni, kwa hiyo inasikia sana kinachorudi kutoka mgongoni mwake. Godoro moja lilikuwa linajikunja kama mlevi. Nikaketi nyuma yake kwenye kigoda, nikaliegemea kwa mgongo.

Akavaa visikilizio, akafumba macho, akaanza. Mkuu wa kwaya ndiye aliyechagua wimbo: wa polepole, wa mtu anayerudi kwa Baba yake baada ya kuchoka na safari.

Sasa msomaji afikirie mtu aliye nje. Kwetu mtu akifa, viti na kabati vinatolewa uani, magodoro yanaingizwa ndani ili wanawake wakae chini, na madirisha yanafunikwa. Halafu kutoka ndani sauti moja ya msichana inaimba wimbo kama ule. Na bibi mwenye nyumba haonekani. Mimi sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nafikiri godoro.

Alikuwa kwenye ubeti wa pili niliposikia mlango wa uani, kisha miguu mingi, kisha kilio barazani. Sauti ya mama wa kuku ilizipita zote.

"Yaya yangu, yaya," akalia, akiniita dada mkubwa. "Nani atanigombeza sasa? Kuku yangu walikula matembele yako kweli. Minye nilibaona kwa macho. Nilikataa bure, yaya, na weye umeenda na hiyo hasira."

Ningeweza kusimama. Lakini godoro lingeanguka, na mjukuu wangu, masikio yamezibwa na visikilizio, alikuwa anaimba namna ambayo sijamsikia kuimba maisha yangu yote. Hiyo ni sababu moja. Nyingine niseme ukweli, nilitaka kusikia yaliyobaki. Walisema mdomo wangu ni wembe lakini sijawahi kumpa mtu kipimo kibaya cha unga. Walisema nilizika watu wa barabara yote bila kuchelewa hata mara moja. Mmoja akasema katikati ya machozi kwamba ni chumvi tu niliyokuwa nawanyima. Huyo sauti yake niliitia akilini.

Wimbo ulipokwisha nikatoka nyuma ya godoro. Wakati huo wanawake walikuwa wameshaingia, kama ishirini hivi, wameketi chini. Mmoja alitoka mbio bila viatu. Wengine wakaganda.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Jirani yangu akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Ni weye, yaya."

"Minye siyakufa. Niko nashika godoro."

Akanieleza baadaye kwamba viti na magodoro vilimtia wasiwasi tu. Kilichomhakikishia ni ombi lenyewe, maana alijua mimi mzima siwezi kuomba kitu kwake.

Msichana alikuwa anasikiliza alichorekodi. Ubeti wa kwanza safi. Toka wa pili, vilio, kuku, matembele, chumvi. Nje wingu lilikuwa limeshasimama juu ya mji, na mvua ikipiga mabati hakuna mikro itakayosikia kitu kingine. Kesho yake ndiyo Jumamosi, na umeme wa Jumamosi kwetu hakuna anayeuamini. Akakaa chini kwenye simenti.

"Kaku, imekwisha."

Alisema hivyo, na akainua kichwa. Mimi pia nilisikia. Neno lilitoka mdomoni mwake likaishia pale, halikurudi. Akapiga kofi. Pa, basi. Nikatazama wale wanawake na vitenge vyao, vilemba vyao, miili yao ya kushiba, wamejaza simenti yote. Hata vitenge vyangu havikumeza namna ile.

Nikafunga mlango.

"Mulikuja kunililia," nikawaambia. "Sasa mukae. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi."

Wakakohoa wote, kwa heshima. Jirani yangu nikampeleka nyuma ya godoro, kwenye kigoda, nikamwambia aegemee na asifikiri kuhusu kuku. Mwenye chumvi nikamketisha karibu yangu, mkono wangu juu ya goti lake. Msichana akafumba macho, akaimba beti zote nne, na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Tone la kwanza lilianguka kwenye mabati kabla hajavua visikilizio.

Waliokuja kwenye kilio hawaondoki na njaa, hata kama maiti ndiye anayepika. Nikasonga bukari sufuria mbili, na samaki. Nilitia chumvi mpaka mwenye chumvi akaomba maji.

Jumapili, tumetoka kanisani, jibu likaja: afungashe nguo aende Mulungwishi. Mkuu wa kwaya aliuliza ni studio gani ya Lubumbashi aliyokwenda. Msichana akamjibu, kwa kaku.

Ile sauti ya kwanza yenye vilio alitaka kuifuta. Nilimkataza. Akaniwekea ndani ya simu yangu na kunionyesha pa kubonyeza kabla hajapanda gari.

Juzi kuku wameingia tena kwenye matembele. Jirani yangu akasema si wake. Nikasogea mpaka kwenye ua wake, nikabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikaanza kulia: yaya yangu, yaya, kuku yangu walikula kweli. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaja akakusanya kuku wake mmoja mmoja, akiwatia chini ya kwapa.

"Siku utakufa kweli, minye sitalia," akasema.

Nikamwambia atalia tu, nimeshamsikia.