Kindi, Pilipili na Uji wa Mama

Juzi mjukuu wangu Yona alikaa kibarazani akitwanga pilipili kichaa, nikapiga chafya mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani. Ametundika kibao cha kulishia ndege nje ya chumba anacholaza wageni, wale wanaopanda huku Lushoto na darubini shingoni, na kindi wanamaliza punje zote kabla wageni hawajaamka. "Bibi, ukichanganya na pilipili kindi hali," ananifundisha. Mimi! Nilimwacha amalize. Ana cheti cha mambo ya misitu, na kwa cheti hicho natamba mpaka watu kanisani wananikimbia. Lakini hilo la pilipili nililijua kabla mama yake hajazaliwa, nami niliishia darasa la nne.

Nilikuwa na miaka tisa hivi Mama alipojifungua mdogo wangu Naomi. Kwetu mzazi hukaa ndani mpaka arobaini yake iishe, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga ili maziwa yashuke. Naomi alizaliwa mdogo kama kifaranga kilichonyeshewa. Mama alilala akitazama ukuta. Uji unaingia wa moto, unatoka umeganda. Maziwa hayakuja, mtoto analia kwa sauti nyembamba kama uzi, na Bibi mzaa baba, mwanamke aliyeogopwa hata na majogoo, akaanza kusali kimya kimya. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilizoea kumsikia akimsemesha Mungu kwa sauti ya kuamrisha.

Siku moja nilikuwa napepeta mahindi nje ya dirisha la Mama, chenga zikamwagika, chiriku wakashuka. Nikawafukuza, wakarudi, nikawafukuza. Kugeuka, Mama ameacha ukuta, anatazama nje. Bibi naye aliona, akapenyeza kijiko. Mama akameza. Akameza tena.

"Mndee," Bibi akaniita, yaani msichana kwa Kishambaa, "kuanzia leo kazi yako ni ndege. Wasipokuja nitakupepeta wewe."

Nikatundika ungo mkuukuu kwenye mpeasi, nikautilia chenga. Ndege wakaja. Siku ya tatu akaja kindi. Jamani, yule mnyama hana haya! Alikaa katikati ya ungo kama mzee wa kanisa siku ya mavuno, mkia juu, anatafuna, ndege wamejipanga tawini wanamtazama. Nilimfukuza kwa mwiko, nikamfukuza kwa ufagio. Nikapanda mti nimkamate, tawi likanitupa kwenye magimbi. Nilimtukana kwa Kishambaa, alipokataa kuelewa nikamtukana kwa Kiswahili. Ukungu umeshuka, gauni limelowa, mimi na kindi tunazunguka nyumba. Siku hizo Mama alimaliza uji wake wote.

Mwishowe nikachoka. Nikaiba pilipili kichaa zilizokuwa zikikaukia juu ya meko, nikazitwanga, nikachanganya na chenga. Bibi akanikuta macho mekundu.

"Unafanya nini wewe?"

"Nawatia ndege pilipili, Bibi."

"Utawaunguza matumbo! Wakikimbia, utaimba wewe huko mtini?"

"Mbona Mama mnamtilia kwenye uji?"

Bibi akapiga chafya, akaniachia kinu, akaingia ndani.

Kindi akaja, akatafuna mara mbili, akaganda. Akajipangusa mdomo kwa mikono miwili kama mtu, akateremka kichwa chini, akaenda zake. Ndege wakala wala hawakujali. Mimi niliamini wale ndege wote ni wazazi, ndiyo maana pilipili inawafaa. Nikajisifu, nikaenda zangu kucheza rede.

Jioni Bibi akatoka na bakuli. Uji umeganda. Kesho yake vilevile, na ungo umejaa ndege. Naomi akairudia ile sauti ya uzi. Nililia, nikisema ndege wamemchosha Mama. Bibi akaketi kitandani kwa Mama, akatazama dirishani pale Mama alipotazama, kwa muda mrefu. Kisha akanijia.

"Acha pilipili."

"Kindi atarudi, Bibi."

"Arudi! Na wewe rudi kazini."

Akarudi kweli, nami nikachukua mwiko. Nilipoteleza kwenye tope mara ya pili nikasikia kitu dirishani. Mama anacheka, bakuli ameshika mwenyewe.

Naomi yule leo akinadi peasi sokoni, hata walio stendi wanamsikia.

Yona anasema ulimi wa ndege hauusikii ule ukali. Sawa, hilo nimejifunza uzeeni. Lile jingine nilikuja kulijua nikiwa mzazi mwenyewe, nimewekwa ndani na mtoto wangu wa kwanza. Mama ananikanda, nami nikamuuliza aliwapendea nini wale ndege wake.

"Ndege gani?" akasema, akikamua kitambaa. "Ndege wamejaa milima yote hii. Aliyeanguka kwenye magimbi kwa ajili yangu alikuwa mmoja."