Kaa wa Bahari na Mboga za Mamasere

Mamasere, mtawa aliyefundisha sayansi, aliporudi kwao Ulaya, kwa sababu ya vurugu zilizofuata uhuru, aliniachia kalasi yake, bustani yake ya mboga na bokali moja ya kioo. Nilikuwa mademwazeli, mwalimu kijana asiyeolewa, nimemaliza tu masomo, na kalasi ilikuwa ya wasichana wa Butembo na vijiji vya karibu. Bahari sikuwa nimeiona hata siku moja. Wao pia.

Ndani ya bokali mlionekana majani tu, yamelala katika maji ya kuzuia kuoza. Ukikaza macho sana ndipo unamwona kaa, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Mgongo wake una vinyweleo vilivyopinda kama ndoana. Huchuma majani ya bahari, akayabandika pale, na samaki mwenye njaa anampita akidhani ni majani.

Nilikuwa katikati ya somo hilo waasi walipoingia shuleni. Komanda wao, mtu mrefu mwenye kofia ya ngozi, alisukuma mlango, na wapiganaji wake wakajaa nyuma yake. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa na mganga wao aliyekaa Beni, ili risasi zisiwapate. Watu waliosoma ndio hasa waliokuwa wakiwatafuta kuwaua, nami nilikuwa na chaki mkononi.

“Mademwazeli, hapana ogopa,” komanda alisema. Niliogopa zaidi. “Ndani ya hii bokali muko nini?”

“Muko kaa, Komanda. Nyama mudogo ya bahari.”

Aliinua bokali, akaigeuza. “Miye siko namuona.”

“Ndiyo. Iko najificha.”

Nikamweleza habari ya ndoana na majani. Komanda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia watu wake. “Munasikia? Hii kitu kidogo iko na akili kuliko ninyi bote!”

Akawaamuru waketi na wasichana wangu, nikarudia somo toka mwanzo. Walibanana kwenye viti, bunduki magotini. Mmoja akainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda kukojoa, nami kwa mazoea nikamwambia angoje. Alingoja.

Somo lilipoisha, msichana mmoja wa Mutwanga, asiyejua kunyamaza, akasema, “Lakini Komanda, kaa anakamata majani ya pahali anaikala. Hapana ya pengine.”

Hakusikilizwa. Wapiganaji walikwisha kukimbilia bustani ya mamasere. Waling’oa matembele yote, wakajifunga mgongoni kwa kamba, wakaenda kulala kifudifudi kwenye uwanja wa mpira, ambao nyasi zake zilikuwa zimekatwa asubuhi ile. Kwetu kwenye baraza ilionekana kama soko la mboga limemwagika. Komanda alisimama mbali, akazungusha macho, akasema kwa furaha, “Miye siko naona mutu!”

Mbuzi waliona. Walikuwa wa mama mmoja Mwislamu, muuza nguo, jirani yetu. Walikuja mbio, wakaanza kula migongo ya watu. Wapiganaji walivumilia, maana kaa hatikisiki, mpaka mbuzi mmoja akafika kwenye sikio. Mwenye sikio aliruka akipiga kelele, wote wakafuata, na mbuzi nyuma yao wakivuta kamba.

“Rudieni!” komanda alipaza sauti. “Kaa hapana kimbia!”

Wasichana walijaza vitambaa mdomoni kuzuia kicheko. Komanda akanijia polepole. “Mademwazeli, mbona haukusema habari ya mbuzi?”

“Komanda, kwa bahari hakuna mbuzi.”

Kabla hajajibu, mwenye mbuzi akafika akihema, mtandio begani. Hakuwaogopa hata kidogo. “Mbuzi yangu imelamba dawa yenu! Sasa kisu itaikata namna gani, kama risasi haibapate ninyi?”

Komanda alijikuna chini ya kofia. Akisema kisu kitakata, dawa ni ya uongo. Akisema hakitakata, mama anadai mbuzi wapya. Lakini mwenye sikio alikuwa na hofu nyingine. “Komanda, kama mbuzi imelamba dawa, kwetu imebakia wapi?”

Swali lile liliwashika wote. Alasiri hiyohiyo walipanda kamyo, lori lao, kwenda Beni, kunyunyiziwa upya. Komanda alikaa mbele na dereva, bokali yangu magotini, akiichungulia.

Nilikaa kwenye ngazi, nikacheka mpaka nikalia. Mama yule akaketi karibu nami, akanishika mkono. Jioni tulikula bugali na maharagi bila mboga, na kesho yake wasichana wakaingia bustanini kupanda upya.